Funga Koki Kwanza

Mimi kazi yangu kubeba.
Saruji, makabati, mabati ya wanaojenga Pongwe,
jeneza mara mbili, ng'ombe mara moja, sirudii.
Sishiki upande wa mtu. Pikapu ina bodi tu
na mlango wa nyuma ulioliwa na chumvi,
ukiufungua unalia kama mtu anayetajiwa deni.

Fikirini alinikodi asubuhi Mabanda ya Papa,
kijana wa viatu vyeupe, bahasha kwapani,
katumwa na shangazi yake, Mama Shekolowa, mwenye chombo.
"Barabara ya Kumi na Mbili. Pikipiki. Tunaipeleka Muheza.
Elfu thelathini."
Sikuuliza. Bei nzuri haina maswali.

Kijiweni walikaa sita, ubao mmoja juu ya matofali,
na Singano amesimama.
Nilimjua kwa alivyoweka mkono juu ya tangi,
kama unavyomshika mbuzi aliyekwisha kupata mnunuzi.

"Siku kumi na moja," mmoja akasema,
si kwetu, kwa lami.
Mwaka mzima kapeleka hesabu,
zimebaki siku kumi na moja iwe yake,
mke kalazwa Bombo, hesabu ikakatika.
Fikirini akafungua bahasha, akaifunga.
Karatasi ilisema kweli. Ndiyo tabu ya karatasi.

Haya, tupakie.
Yeye nyuma, mimi usukani. Moja, mbili,
tairi la mbele likagonga mlango, likarudi,
ekzosi ikamlamba kijana muundi, akaruka,
kiatu cheupe kikala oili.
Hakuna aliyecheka.
Ningependa wangecheka.

Mara ya pili nikaipokea kwa goti.
Pikipiki si nzito kwa mzani,
uzito wake ni kutojua pa kuishika.

Wale sita wakatazamana.
Hoza, yule mfupi, mwenye jaketi zito hata juani,
akainuka. Wakainuka wote.
Nikasema moyoni: leo napigwa kwa deni lisilo langu.

Wakaunyanyua ubao.
Mninga, umechorwa majina kwa ncha za funguo,
umeng'arishwa na miaka ya kungoja abiria.
Ncha moja wakaiegemeza bodini, nyingine chini,
wakakanyaga usiteleze.

"Ngojeni," akasema Singano.
Neno lake la kwanza.
"Funga koki kwanza. Inavuja ikiyumba."
Akainama, akaifunga mwenyewe.

Wakaisukuma. Ikapanda kama inayojua njia.

"Tia gia namba moja.
Kamba usipitishe kwenye kioo, pitisha shingoni, hapa.
Kaza springi ifike nusu. Ukizidisha, sili zinapasuka."
Kamba yangu ni ya mkonge, inachoma viganja,
lakini ikishika imeshika.
"Asubuhi haitaki batani.
Piga kiki tatu. Ya nne ndiyo."
Fikirini akayaandika yote nyuma ya bahasha,
upande usio na sahihi.

Ikabaki funguo.
Kwenye pete moja, ya pikipiki na ya nyumba.
Pete ilikuwa ngumu, ukucha ukapinda,
akaitenga ya nyumba taratibu,
nasi wote tukatazama pengine.

Njia nzima sikuwasha redio.
Kiooni niliiona imesimama nyuma yetu,
taa yake juu ya vichwa vyetu,
kana kwamba yenyewe ndiyo inayotupeleka.
Tulipofika Muheza kijana akauliza,
"Kiki ya ngapi?"
"Ya nne."

Jioni nilirudi kwa njia ileile, nilikuwa na njia nyingine.
Ubao umerudi juu ya matofali,
alama ya tairi imepita katikati ya majina.
Watatu huku, watatu kule,
na Singano pale pale juu ya alama,
kofia ngumu magotini.
Nikapunguza mwendo.
"Koki?" akauliza.
"Imefungwa," nikamwambia.