Saa za Matanga

Mlango wa kinu chetu, hapa Kamukuywa,
ndio uliokuwa daftari la mama.
Saa moja ya kusaga, mstari mmoja wa chaki.
Minne wima, wa tano unailalia,
na ikitimu mia na hamsini alizima injini
hata foleni ikiwa imefika kwa fundi cherehani.
"Leo inabadilishwa damu," alisema. "Rudini saa tisa."

Mimi niliyesoma nilimwambia, "Kitabu kinasema mia mbili."
"Aliyeandika kitabu," akanijibu,
"hakuwahi kupiga chafya ya unga."

Oili aliijua kwa kidole.
Aliisugua kati ya gumba na shahada,
akainusa, akaitema kwa macho kabla haijafika mdomoni.
Arobaini kavu, miezi ya kawaida.
Kumi na tano arobaini, mavuno yakilipa.
Lakini kamwe si ile ya Chwele, ya chupa za soda,
inayong'aa kama ahadi ya mchumba:
oili iliyozeekea kwenye lori la mtu,
ikachujwa kwa shuka,
ikarudi sokoni inajiita mwari.
Ndiyo maana mkebe wetu ukiisha
aliutoboa kwa msumari, matundu matatu,
asije mtu akautia uongo.

Filta kuukuu hakuitupa hivi hivi.
Aliikata kwa msumeno, akazitandaza karatasi zake
zilizokunjwa kama marinda ya sare ya shule,
akazisoma mlangoni penye mwanga.
Weusi mtupu: heri.
Vumeta: kuna chuma kinachokula chuma.

Mwezi wa nane akaondoka, mistari mia na kumi na minane.

Na kinu hakikulala.
Watu walikuja kutoka Naitiri, kutoka Kiminini,
watu wa kula, watu wa kulia,
na Sikuku akaliwasha dude usiku wa kwanza,
na wa pili, na nadhani wa tatu,
magunia yakiingia, debe zikitoka,
na chaki ipo palepale juu ya kizingiti.
Nani angeishika?

Sasa ufunguo ni wangu, na hesabu haipo.
Sikuku anasema saa ishirini.
Namalwa, aliyepika chai, anaapa
hakusikia kimya mpaka tulipozika.
Fundi Lusweti anataka tupige hesabu ya dizeli,
lakini dizeli ililetwa na kila mwenye pole,
kwa vibuyu, kwa mitungi, nani aliandika?

Leo Jumatano. Wanawake kumi na mmoja, na debe zao.
Injini inapiga vizuri, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi:
mama pia alikuwa anapiga vizuri.

Nikazima.

Walinung'unika. Wakakalia debe.
Nikafungua nati ya chini, ikatoka moto,
nyepesi, nyeusi, kahawa isiyo na subira.
Nikakata filta. Nikalifungua rinda moja moja.
Vumeta vitatu. Vinne, nikigeuza juani.
"Hivyo ni vya kawaida," Lusweti anasema.
Namwamini. Kisha simwamini.
Nikavifunga katika karatasi ya daftari
nikaviweka mfukoni, sijui vya nini.

Filta mpya niliipaka oili kwenye mpira wake,
nikaikaza kwa mkono tu, bila spana,
kama alivyokuwa akinikaripia.
Lita tano. Mkebe, matundu matatu.

Hapo mama angeuosha mlango kwa kitambaa cha maji
na kuanza tena moja.
Nilikilowesha. Kikadondoka maji mpaka kikakauka mkononi.

Nimeanza kwenye ubao wa pili wa mlango, ule wa kushoto.
Chaki iliteleza kwenye vidole vyangu vya oili;
mstari wa kwanza umetoka wa rangi ya udongo, umepinda.

"Kimepona?" anauliza mwenye debe la mbele.
"Hakikuwa kigonjwa," nasema, nikivuta mkono wa kuwashia.