Nyota Sita za Kamtande

Mchana kazi yangu ni kukata.
Korosho hamsini za sampuli, kisu, meza, sahani mbili:
nyeupe huku, zenye madoa na zilizooza kule,
na mkulima nyuma yangu ananipumulia shingoni
kama mtu anayesubiri majibu ya damu.
Daraja la kwanza. Daraja la pili.
Napiga muhuri, wa nyuma asogee.

Usiku ghala la chama ni uwanja.
Ubao wa plaiwudi juu ya magunia manne,
mistari ya chaki, magoli ya vijiti vya mswaki,
na wachezaji wa mpingo, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja:
vibwengo, mazimwi, jini mmoja wa miguu mitatu.
Fulgensi Malyenge aliwachonga kwa mabaki
mwaka ule vinyago vikubwa vilipokosa wanunuzi.

Sheria ziko kwenye kaunta buku, kwa mwandiko wake wa kulala.
Goli, nyota tatu. Pasi, moja.
Ukimvunja mtu akatolewa, mbili.
Zikifika sita, mchezaji anachagua kipaji;
"anachagua" maana yake mwenye timu anakosa usingizi.

Nyota nne za mchezaji bora hazifuati ubora.
Korosho kumi na moja zenye namba, ndani ya kofia,
unafumba macho, unachomoa.

Nikachomoa Kamtande.

Kamtande, namba kumi na moja wa Nyota ya Kitangari,
kibwengo aliyetoka pembezoni mwa gogo,
ndiyo maana ubavu wake mmoja ni mweupe,
mti haukuwahi kumaliza kumkomaza.
Mechi saba, ameanguka mara kumi na tisa.
Nyota zake mbili za zamani alizipata amelala:
zimwi la Zaituni lilijikwaa juu yake
likavunjika shingo.
Mbili na nne.

Zaituni Mnemba, bingwa wa misimu miwili,
alicheka hadi uraka ukampalia.
"Mpe Kichwa Jiwe, afe kesho badala ya leo."
Fulgensi akataka Kinga ya Ubavu:
asimame tu karibu na wanaume, kazi wafanye wao.
Mlinzi, ambaye hachezi,
anakula ming'oko na kutoa maoni,
akasema Mkono wa Ulimbo.
Mkono wa Ulimbo! Mpira wenyewe haumjui.

Nikamgeuzageuza kwenye taa ya sola.
Korosho ningeipasua nikajua.
Nakiri, nilikaribia kumpa Guu la Digidigi,
kwa tamaa ya goli moja ambalo hata ndotoni
nililiona nusu tu.
Kisha akanijia yule mama wa Mnyambe wa asubuhi,
gunia lake nimeliandika la pili.
Hakubisha. Alilifunga upya, fundo juu ya fundo,
akauliza mnada ujao lini.

Nikaandika: Kuinuka Upesi.
"Umekitupa kipaji," akasema Fulgensi.
Labda. Wino wa chama haufutiki.

Leo Ijumaa. Ukungu umepanda kutoka Shimo la Mungu
umeingia mpaka kwenye mizani.
Zimwi la Zaituni limempiga dafrao mapema tu.
Ameanguka. Ya ishirini hiyo.
Nimemsimamisha bila kulipa hatua hata moja,
na zimwi limeshampa mgongo, na mpira
uko viboksi viwili mbele yake, hauna mwenyewe.

"Tupa," anasema Zaituni. Hacheki.

Nimetupa. Dadu imegonga ukingo, imeruka,
imezama chini ya magunia ya Kitangari.
Mlinzi ameweka sahani chini.
Gunia la kwanza, kilo themanini, shika huko.
Ubao asiguse mtu.