Dirisha la Mshazari

Kwa Bi Thibault, huko Vermont, dirisha limelala upande,
limebanwa baina ya mapaa mawili
kama kitabu kilichorudishwa rafuni kwa hasira.
Nimelipima mara tatu. Mbao zimenipa majibu matatu.

Pazia, namwambia, hutii ardhi, halitii fremu;
nikilitundika hapa litaning'inia wima
na pembe moja itavuja jua.

"Pembe ipi?"

Naigusa kwa penseli. Hii. Saa kumi na mbili alfajiri
mwanga utaangukia pale, kitandani.

Mito miwili; mmoja umebonyea, mwingine la.

"Anselm hakuwa na saa," anasema. "Jua ndilo lililomwamsha."

Nakunja utepe. Naandika:
inchi ishirini na nne, kitani kizito.
Pembe ya kushoto iachwe.

Bei ileile.