Hesabu ya Penseli

Barua imefika na kidirisha chake cha plastiki,
jina langu likichungulia: Lowell Tvedt, Cloquet, Minnesota.
Mwezi ujao natimiza sitini na mbili
na serikali, kwa adabu zake zote, inaniuliza
nadhani nitakufa lini.

Haisemi hivyo, bila shaka.
Inasema: ukianza sasa, kiasi hiki.
Ukingoja hadi sitini na saba, kile.
Ukivumilia hadi sabini, tazama kinavyonona.
Nguzo tatu za wino, kila moja ndefu kuliko jirani yake,
na chini ya ile ndefu hapakuandikwa: ukifika.

Miaka thelathini na minne nimelisha magogo
kiwanda cha karatasi.
Huenda hata barua hii ilipita mikononi mwangu
ikiwa bado uji, ikinuka yai viza.
Goti langu la kushoto lilistaafu zamani,
wala halikujaza fomu.

Kaka yangu Verne alikuwa mtu wa kungoja.
"Sabini," alisema, "sabini au basi,"
akanunua na boti kabisa, akaifunika turubai.
Alianguka Oktoba, ana sitini na tisa,
reki mkononi, majani makavu nusu ua.
Boti ingali na kibandiko cha bei kwenye usukani.

Lakini mama! Mama alianza mapema,
mkono mtupu haulambwi, akasema,
kisha akaishi hadi tisini na sita,
vidonge na senti akivihesabu katika kopo moja,
sabuni akiikata vipande vinne,
akituomba radhi kila Krismasi kwa kuwa bado yupo.

Nina pua ya Verne, nina mapafu ya mama.
Sijui ni nani kati yao anayeshika saa yangu.

Usiku nachonga penseli, najumlisha, nafuta.
Marlys anaosha kikombe kimoja kwa muda mrefu mno.
Ana hamsini na sita.
Nikingoja, atakayekula kungoja kwangu ni yeye,
peke yake, humu humu, taa moja ikiwaka.
Hilo hatujalitamka.
Tumezungumzia paa, bima, bei ya gesi.
Aliuliza mara moja tu, amenipa mgongo:
"Na hiyo miaka minane, utaifanyia kazi kwa goti gani?"

Asubuhi ameshakwenda zamu yake hospitalini.
Theluji imefikia shingo ya sanduku la barua.
Nageuza karatasi yangu ya hesabu.
Nyuma yake, kwa mwandiko unaoegemea kulia:

CHUKUA
mkate
betri
chumvi ya kuyeyushia barafu

Neno la juu limepigiwa mistari miwili.
Nalisoma nimesimama, koti halijafungwa,
nalisoma tena.
Miaka yote hii, juu ya orodha zake,
Marlys hupiga mmoja.