Mstari wa Arobaini na Moja

Agosti, Mabela. Kiyoyozi kinatema maji kwenye ndoo ya rangi,
nami nimerithi kompyuta ya kaka Mundhir
pamoja na vumbi lake, makombo yake ya chipsi,
na mchezo wa bunduki aliouacha bila kuuaga
alipokwenda Duqm kuchomelea matumbo ya meli.

Niliingia vitani mara moja, nikafa sekunde ya tisa.
Nabonyeza niende mbele, naruka.
Nabonyeza niruke, najaza risasi.
Kipanya nikikisogeza unywele tu, mbingu inakuwa sakafu.
Mtoto wa watu, Mkuwaiti nadhani, kwa matusi yake,
akaniuliza kama nachezea miguu.

Basi nikateremsha kidude cha msaada,
kiprogramu kidogo kisicho na maringo:
unakipa faili la mipangilio, nacho kinalifumua
kama fundi anavyofumua kanzu akitafuta kosa la mkasi,
uzi kwa uzi, mstari kwa mstari,
na pembeni maelezo mafupi kama daftari la deni dukani.

Wepesi wa kipanya: sifuri nukta tatu.
Upana wa jicho: mia na tatu.
Alama ya shabaha: kijani, nyembamba, wazi katikati.
Damu: zima.
(Sikujua kama Mundhir haipendi damu.)
Mstari wa arobaini na moja:
mkono = kushoto.

Hapo nikaondoa kidole.

Kwa bibi yetu, Bi Zeyana, jambo hili halina mjadala:
mkono wa kulia ni wa kulia,
na huo mwingine una kazi yake, tusiitaje mbele ya chakula.
Mundhir ana miaka sita. Sinia ya wali wa Ijumaa.
Mkono wake wa shoto umefungwa kwa mtandio nyuma ya mgongo,
si kwa ukali, bibi huubusu kwanza ndipo akaza fundo,
na punje zinamporomoka kidevuni hadi mkekani
na sisi wote tunacheka, mimi zaidi.
Mkono wa kulia ukala.
Mwenyewe akalia.

Akajifunza. Akaandika kwa kulia, akasalimia kwa kulia,
leseni akaipata, posa akaipeleka, kahawa ya wakwe akaipokea,
kikombe hakikutikisika.
Tukasahau. Hata bibi alisahau, na mtandio ukawa tambara la jikoni.
Wala sikuwahi kujiuliza kwa nini, ikifika saa nne usiku,
chumba hiki kilifungwa kwa ufunguo.

Sasa naziona. Amri zote zimehamia upande wa pili wa kibodi
kama bibi na nduguze walivyohama Unguja,
kila mmoja na alichowahi kushika:
mbele iko kwenye I, nyuma kwenye K,
kuchutama kumejibanza huko pembeni karibu na nukta.
Na bunduki yenyewe, kiwamboni, imekaa kushoto,
imetulia,
kama kitu kilichorudi kwao.

Kidude kinauliza, kwa upole wa karani wa benki:
Rejesha mipangilio ya kiwandani?
Ndiyo. Hapana.

Karani, kiwanda kipi?

Nikatoa nakala, nikaipa jina langu,
hiyo nikaikatakata nitakavyo:
kipanya kizito, shabaha nyekundu, damu washa, sina huruma.
Lake nikalifunga lisiandikwe tena.
Kisha, kabla sijaondoka humo,
nikahamishia kipanya kushoto
nikaingia mzunguko mmoja kwa mpangilio wake.
Vidole viligongana kama wageni mlangoni.
Nikafa sekunde ya kumi na nne.

Tano zaidi.

Jikoni bibi anaita, wali unapoa, nyinyi watoto hamsikii,
ingawa mtoto nimebaki peke yangu.
Nikaenda bombani.
Nikanawa mikono yote miwili,
huu wa shoto taratibu.