Kutu Haimo

Miaka thelathini na moja nimekwangua chumvi Gongoni,
nimeivuna, nimeipakia, nimeioga bila kupenda,
na kiinua mgongo kilipoingia benki
sikununua kiwanja, sikununua ng'ombe.
Nilinunua gari la viti viwili.

Jekundu. Paa lake turubai, hukunjwa kama mkeka.
Mmiliki wa kwanza Mtaliano wa Casuarina,
wa pili mwanawe, wa tatu dalali hamtaji.
"Halijatembea sana," Shali aliniambia,
na kiganja chake kimeifunika mita
kama mchezaji wa bao anayeficha kete.

Nyevu, mke wangu, alilizunguka mara moja.
"Nikitoka sokoni na gunia la nazi,
gunia litakaa wapi? Mapajani?"
Sikujibu. Swali lilikuwa la haki.

Barabara ya Lamu, ghorofani, juu ya duka la dawa,
binti aitwaye Mbeyu alinitandazia karatasi tatu za waranti.
Ya miezi sita: injini tu.
Ya mwaka: injini na giaboksi.
Ya miaka miwili, elfu arobaini na nane:
injini, giaboksi, usukani, nyaya za umeme,
na gari la kukukokota hata ukikwama Sabaki usiku wa manane.
Alitamka "usiku wa manane"
kwa sauti ya mtu anayeuza usingizi.

Nikavaa miwani. Nikaigeuza nyuma,
mahali maandishi yamekonda kama sisimizi wenye njaa.
Mipira haimo. Breki hazimo.
Turubai halimo. Rangi haimo.
Kioo kikipasuliwa na dafu, hakimo.
Kutu haimo:
"kutu itokanayo na maji ya bahari, mvuke wa bahari,
au ukaribu na bahari."

"Binti, hapa tuko wapi?"
"Malindi, baba."
"Na bahari iko wapi?"
Akatazama dirishani. Haikuwa mbali.
"Kusema kweli," akasema,
"hajatokea mtu aliyeusoma upande huo."

Mimi chumvi naijua. Imekula majembe yangu,
imekula bawaba, imekula baiskeli mbili,
imekula kibao cha kaburi la ndugu yangu Tsofa
mpaka jina likabaki herufi tatu.
Haina haraka. Haingoji usiku wa manane.
Huja kila saa, na haipigi hodi.

Nikamrudishia kalamu yake.

Nyuma ya risiti nikapiga hesabu:
maji ya kisima chetu ni ya magadi,
kulioshea gari ni kulipaka adui mwili mzima;
maji matamu ya mkokoteni, mtungi shilingi thelathini.
Elfu arobaini na nane ni mitungi elfu moja na mia sita.
Minne kila Ijumaa, Ijumaa mia nne,
miaka saba na ushee!
Nikashuka ngazi nikijiona nimewashinda wenye tai.

Wiki ya tatu, kwenye matuta ya Maweni,
kitu kilitafuna changarawe chini ya miguu yangu
na gia ya pili ikakataa katakata.
Giaboksi.
Ile iliyokuwemo.

Fundi Shebwana alilala chini yake nusu saa,
akatoka na kidude cha meno, mapengo matatu.
"Hiki ni cha kuagiza. Mwezi wa sita, pengine."
Bei aliitaja akitazama kando.
Nyevu alipoisikia alicheka mpaka akakaa chini,
kisha akaenda kubandika chai.

Leo Ijumaa. Gari liko juu ya matofali.
Wa mkokoteni ameshusha mitungi minne mlangoni.
Naanzia chini, chumvi inakojificha:
vizingiti, matao ya magurudumu, tumbo.
Mtoto wa jirani ameegemea ukuta.
"Babu, kwani laenda wapi?"
"Haliendi popote."
"Sasa unaliosha la nini?"
Namwambia ashike ndoo.

Mbeyu apita kwa bodaboda, anapunga mkono,
hasemi neno.

Maji yateremka kwenye mlango mwekundu.
Nayakinga kwa kidole, naonja.
Bado yana chumvi kidogo.
Naagiza mtungi wa tano.