Jino kwa Jino

Leiria, mwaka wa sabini na tano.
Mgodi wa makaa uliokwisha kufungwa ukafunguliwa tena,
si kwa ajili ya jiko la mtu yeyote
bali kwa ajili ya meno.

Wanawake kumi na mmoja mezani,
kila mmoja na taa yake, sindano yake,
na bonge jeusi la kupasua polepole
kama anayemtoa mwiba mtoto aliyelala.

Tuliambiwa: tafuteni kilicho kidogo kuliko punje ya mchele,
cha hudhurungi, kinachong'aa, chenye vinundu safu mbili.
Cha mnyama huyo, panya si panya,
aliyetafuna mbegu miguuni pa madinosaria,
na ukoo wake wote ukafutika
kabla dunia haijajua mtu ni kitu gani.

Mifupa yake? Mamba waliivunja, kinamasi kikamaliza.
Sauti yake hatuijui.
Ulimi hauna mfupa,
huoza pamoja na yote uliyoyasema.
Jino ndilo lisilokubali kuzikwa.

Mimi Idalina, mjane, darasa la tatu basi,
nililiona la kwanza siku ya Jumanne.
Nikalinyanyua kwa ncha ya unyoya uliolowa,
na Graciete akapiga chafya.

Tulipiga magoti sote.
Tulichekecha vumbi la sakafu kwa chujio la kahawa.
Miaka milioni mia na hamsini limekaa salama,
halafu chafya!
Graciete akalia. Nikamwambia nyamaza,
mafua hayana adabu.

Saa sita tukala: mkate wa mahindi, sadini, zeituni.
Nikauma.
Kah!
Nikatemea kiganjani:
makombo,
kipande cha gego langu la kushoto,
na kando yake, zima, bila hata ufa,
lile.

"Jino kwa jino," akasema Deolinda,
tukacheka hadi taa zikatikisika.

Nikayatia yote mawili katika kichupa kimoja.
Jioni Bwana Wendelin akaja na lenzi yake.
La kwanza alilitazama akanyamaza,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.
La pili akaligeuza, akaligeuza tena.

"Hili la familia gani?"

"Ya kwetu," nikamjibu, nikamwonyesha pengo.
"Liandike tu, Bwana.
Nasi tumo njiani."